Mtu wa Vitenge

Nzabonimpa hakuwa na kaka. Hakuwa na pikipiki, hakuwa na shamba hata la mihogo, hakuwa na meno mawili ya mbele, na suti aliyovaa siku ya posa ya binti yake haikuwa yake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Mbugangari, mjini Rubavu, na nyingi kati ya zile baiskeli za magurudumu matatu ambazo walemavu huvushia mizigo kwenye mpaka mdogo wa kwenda Goma zilikuwa zimepita mikononi mwake. Lakini siku ile alichokosa kuliko vyote kilikuwa ulimi. Mbele ya wateja watatu alisema vizuri. Mbele ya watu mia alikohoa tu.

Ndiyo maana alimwomba jirani yake Habib amsemee. Habib alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mji, na alikwisha kusimama katika posa za nusu ya mtaa, za Waislamu na za Wakristo vilevile. Kila mtu wa huku anajua jinsi gusaba, posa ya kimila, inavyokwenda. Wageni wanaomba binti, na msemaji wa wenyeji hawapi hivi hivi. Anawazushia makosa: mmechelewa, babu yenu alituibia ndama, binti mwenyewe tumeshamtoa kwa mwingine. Msemaji wa wageni sharti aruke kila kizuizi kwa maneno ya kuchekesha. Uongo ule ni heshima. Familia inayomtoa binti bila kuzusha lolote huonekana imemchoka.

"Mmetoka mbali," Habib aliwaambia wageni wa Kigali, mikono nyuma, uso wa mtu anayetangaza msiba. "Poleni sana. Binti huyo tulishamtoa. Kuna mtu wa Goma, wa vitenge, ana maduka mawili. Alimwoa, na mbuzi wake tulimla."

Mzee Kayitare, msemaji wa wageni, hakupepesa macho. "Huyo mtu tumempita pale mpakani. Amesema vitenge vimemlemea, hawezi kubeba na mke. Ametutuma tumchukue sisi."

Watu walicheka hadi turubai likatikisika. Habib alijifanya kushauriana na wazee, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa, na Iribagiza akatolewa ndani alikokuwa amefichwa kwa desturi, akasimama kando ya mchumba wake Rwema.

Maneno ya Goma hayakutoka kwa Habib. Yalitoka kwa Nzabonimpa, juma lile Habib alipokuwa akimpunguzia mikono ya suti ya kuazima.

"Weka na mutu wa Goma," Nzabonimpa alimwambia. "Wa vitenge. Mwenye makuta, feza mingi."

"Juu ya nini Goma? Mi nilitaka kuweka muvuvi wa Nyamyumba, mwenye kunuka. Watu watacheka zaidi."

"Weka wa Goma."

Habib alikuwa na pini mdomoni, hakuuliza tena. Hakujua kwamba Iribagiza, alipomaliza shule, alipelekwa Goma kwa dada mkubwa wa mama yake kumsaidia katika duka la vitenge, na kwamba alirudi mwaka uliofuata amekonda na amenyamaza. Baba yake hakumwuliza. Aliiweka shaka yake, kwamba huenda kulikuwa na mwanamume kule, kifuani kama mtu anayeweka msumari mfukoni. Siku ya posa, neno Goma lilipotajwa, alikuwa akimtazama shemeji yake, yule mwenye duka la Goma, aliyekaa mstari wa pili, aone kama atainama au atabadilika uso. Shemeji alicheka kama wengine wote. Nzabonimpa akashusha pumzi, lakini si yote.

* * *

Mke wake, Illuminée, alikulia Goma, na kwa sababu hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumba yao kuliko Kinyarwanda. Siku ile yeye alikuwa akitazama kitu kingine. Laurence, dada mkubwa wa Rwema, alikuwa amekaa mbele kabisa, na shingoni mwake kilining'inia kidude cheusi, kidogo kama kifungo cha koti.

"Ile kitu iko kwa shingo yake ni ya mapambo?" alimnong'oneza Nadra, mke wa Habib, wakigawa soda.

"Labda ni ya ugonjwa wa sukari. Wifi yangu alibandikwa kama ile, kwa mukono."

"Ya sukari inawaka taa?"

"Mi najua wapi, Mama Iribagiza? Watu ba Kigali banawaka taa kila mahali."

Kilikuwa kinasa sauti chenye akili mnemba. Kazi ya Laurence ilikuwa kuandika taarifa za mikutano ya mashirika, na kidude kile kilisikiliza badala yake, kisha kikaandika chenyewe kwenye simu yake nani kasema nini na nini kimekubaliwa. Alikivaa kama wengine wanavyovaa miwani. Alikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Alizaliwa Uganda, na Kinyarwanda cha mafumbo kilimpita juu ya kichwa. Baba yao, Mzee Munyaneza, alikuwa amelala Kigali na nyonga iliyovunjika, na alikuwa amemwagiza, "Niletee yote." Laurence alimtumia baba yake muhtasari wakiwa njiani kurudi, kabla gari halijafika Musanze. Hakuusoma. Aliuamini, na hata angeusoma asingejua kilicho na kasoro.

Baada ya hapo Kigali ilinyamaza. Simu ya kushukuru, ambayo huja kesho yake, haikuja. Illuminée alisema labda mzee amezidiwa. Kisha, asubuhi moja, Iribagiza alikuja karakana kutoka duka la dawa alikofanya kazi, bado amevaa koti jeupe, akamnyooshea baba yake simu.

"Rwema amenitumia. Soma, Papa."

Nzabonimpa alivua miwani ya kuchomelea, akavaa ya kusomea. Taarifa ile ya kidude cha Laurence ilikuwa safi, yenye vichwa vya habari kama ya wizara. Ilisema kwamba familia ya msichana imeeleza kuwa msichana alikwisha kuolewa na mfanyabiashara wa vitenge wa Goma. Ilisema kwamba familia ya mvulana imekiri kukutana na mfanyabiashara huyo mpakani. Ilisema pande zote mbili zimekubaliana kuendelea. Chini, penye hatua zinazofuata, iliandikwa: hali ya ndoa ya msichana ithibitishwe, mhusika, baba wa msichana.

Mashine haikukosea hata neno moja. Kicheko tu haikukiandika.

"Ni muchezo," alisema. "Munyaneza mwenyewe anajua. Ni muzee, amehuzuria gusaba ngapi?"

"Anajua. Rwema anasema papa yake anajua sana. Anasema mutu ndani ya muchezo ndiyo anatoa kile iko ndani ya roho yake." Iribagiza alichukua simu yake, akaifuta masizi kwa pindo la koti. "Banataka karatasi ya chef wa quartier, mukubwa wa mutaa kule Goma. Ya kusema sikuolewa kule."

Nzabonimpa aliinama akatafuta fimbo ya kuchomelea ambayo ilikuwa mkononi mwake. Alijua kwamba Munyaneza hakukosea. Alikuwa amekosea tu mtu wa kumshuku; neno lile lilitoka rohoni mwa baba, si mwa binti.

* * *

Mbugangari ni mtaa wa biashara ndogo, na habari ni biashara isiyohitaji mtaji. Kabla ya Jumamosi, waliokuja kwa Habib walikuwa na la kusema.

"Fundi, nishonee suruali, lakini usiniozeshe Goma."

"Pima vizuri. Ukizidisha kidogo, mashine itaandika."

Habib alicheka nao siku ya kwanza. Kisha familia moja ya mtaa wa pili, iliyokuwa imemwomba awasemee katika posa ya kijana wao, ilimletea salamu kwamba wamepata mtu mwingine, asihangaike. Walimpelekea na kilo ya sukari, kama mtu aliyefiwa. Habib aliiweka sukari juu ya cherehani na kuitazama alasiri nzima.

Nadra alimkuta Illuminée sokoni, nyuma ya beseni lake la sambaza, vile visamaki vya ziwani.

"Bwana yangu alipata nini kwenu siku ile?" alimwuliza, bila salamu. "Soda. Fanta moja, nayo ya moto. Na leo anaitwa mutu wa kuvunja ndoa."

"Nani alimutuma kutaja Goma? Angesema Bukavu, angesema hata Ulaya."

"Nimemuuliza. Ananyamaza. We uliona wapi Habib ananyamaza?"

Swali lile Illuminée alilichukua nyumbani pamoja na beseni. Alimpigia dada yake Goma, akazunguka kwa maneno ya afya na bei ya unga, hatimaye akauliza kama yule mtoto, alipokuwa kule, alikuwa akitoka jioni. Dada yake alimwuliza kama anamdhania yeye mlezi mbaya, akakata simu. Jioni ile Iribagiza alifungua sanduku lake akakuta nguo zote zimo, lakini zimekunjwa kwa namna ya mama yake. Alizitoa zote, akazikunja upya, moja moja, mlango ukiwa wazi ili aonekane.

Kisha alimpigia Rwema.

"Ni karatasi tu," Rwema alisema. "Mama yako ana ndugu kule, wataipata. Baba atatulia na tutaendelea."

"Na wewe unaamini nini?"

"Mimi siamini chochote, chérie. Mimi nataka iishe."

Iribagiza alikata simu, akalifunga sanduku.

* * *

Laurence alikuja Jumapili baada ya misa, peke yake, kwa gari. Alikuja kusuluhisha, na alikuja amevaa kile kidude.

Illuminée alikuwa amewatoa majirani uani na kufunga lango. Habib aliitwa, akaja na kanzu yake ya Ijumaa. Walikaa sebuleni, na kila aliyetaka kusema alitazama kwanza shingo ya mgeni.

"Habari za Kigali?" Nzabonimpa alikiuliza kidude.

"Nzuri, Mzee. Baba anawasalimu."

"Sisi tuko wazima. Chai inakuja." Akafikiri. "Chai ni ya maziwa."

"Semeni kama kawaida yenu," Laurence alisema. "Tafadhali. Ni cha kunisaidia kukumbuka tu."

"Basi kiandike," alisema Habib. "Mvua imenyesha Rubavu. Aliyesema ni Habib. Makubaliano, tumelowa."

Laurence aliona haya. Alikitoa shingoni, akakibonyeza, akakiweka mezani. "Nimekizima."

Hakuna aliyesogea. Taa ilikuwa imezimika, lakini hata taa ya mwizi huzimika. Illuminée alileta kisahani, akakisukumia kidude juu yake kwa ncha ya kijiko bila kukigusa, akakipeleka jikoni. Walimsikia akifunika kitu.

"Iko ndani ya beseni ya sambaza," alisema aliporudi. "Isikilize samaki."

Laurence alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha ghafla, na kilipokwisha uso wake ulikuwa umelegea. "Nisameheni," alisema kwa Kinyarwanda chake cha polepole, akichagua kila neno. "Siku ile nilikaa mbele kabisa na sikuelewa hata nusu. Watu walicheka, nikacheka nao. Nyumbani wanadhani naelewa. Ningeuliza, ningeonekana mgeni kwenye harusi ya ndugu yangu."

Illuminée alimmiminia chai, na kwa mara ya kwanza akamwekea sukari mwenyewe.

"Nimemweleza baba kwamba ulikuwa mchezo," Laurence aliendelea. "Anasema anajua. Anauliza jambo moja tu. Mtu wa uongo angeweza kutoka popote. Kwa nini Goma, na kwa nini vitenge, wakati binti alikaa Goma katika duka la vitenge? Nani alilileta neno hilo?"

Habib aligeuza macho yake polepole mpaka kwa Nzabonimpa. Hayakuwa macho ya kushtaki. Yalikuwa ya mtu aliyesimama mlangoni na mzigo kichwani, anangoja mwenye nyumba asogee.

Nzabonimpa alikoroga chai yake. Akaikoroga tena. Akakohoa.

"Ni mimi," Habib alisema. "Lilinijia tu. Ulimi wangu hauna breki, kila mutu anajua."

Iribagiza alikuwa amesimama penye pazia la jikoni na chupa ya chai. Aliyaona macho ya Habib yalikokwenda, na aliyaona yakirudi.

Laurence alishukuru, akasema basi ile karatasi ya Goma itatosha kumtuliza mzee. Alipoondoka alikichukua kidude chake, akakifuta kwa leso. Kilinuka samaki.

* * *

Siku iliyofuata Iribagiza hakwenda kazini. Alikwenda karakana, akakaa juu ya gurudumu lililolazwa.

"Papa. Goma ilitoka kwako."

Nzabonimpa alizima mashine. Barabarani mtu alikuwa akisukuma baiskeli tupu ya magurudumu matatu, ikilia kwa ukosefu wa mafuta, na alingoja hadi ipite.

"Ulirudi umekonda," alisema. "Haukusema kitu."

"Uliniuliza lini?"

Aliigeuzageuza miwani ya kuchomelea mikononi.

"Nilikuwa nalala ndani ya duka," Iribagiza alisema. "Juu ya maballot, marobota ya vitenge, sababu tante, dada ya Mama, alisema wezi iko. Alifunga kufuli inje, akaenda na funguo. Mwaka muzima. Mushahara alisema anatuma kwenu. Alituma?"

"Hapana."

"Bon. Ndiye huyo bwana yangu wa Goma. Kufuli." Alikuwa akiongea bila hasira, na hilo lilimuuma baba yake zaidi. "Nikisema, Mama anapoteza dada yake. Ana dada moja tu. Donc nikanyamaza. Na we ulikuwa na kinywa, Papa, kila siku tulikula sahani moja. Ukaona afazali uniulize mbele ya watu mia, kwa mudomo ya jirani."

Nzabonimpa aliitazama mikono yake. Alikumbuka jinsi alivyomtazama shemeji yake mstari wa pili na kufurahi kwamba amecheka.

"Nitaenda Goma kutafuta ile karatasi," alisema mwisho. "Nitaenda mimi mwenyewe."

"Ukienda kuitafuta, nitajua ungali unauliza."

Alisimama, akapangusa sketi, akaondoka. Nzabonimpa hakuwasha mashine tena siku ile. Mteja aliyekuja kuchukua ekseli yake aliikuta haijaguswa, akatukana kidogo, akaenda.

* * *

Aliandika barua. Kupiga simu hakutaka, maana hakujua ni nani angekuwa amekaa kando ya kitanda cha Munyaneza na nini kingekuwa shingoni mwake. Aliiandika mezani mchana, akaichana, akaiandika tena, kisha akaivusha uani kwa Habib kabla ya kumwonyesha mtu mwingine.

Habib aliisoma amesimama. Ilisema:

"Mzee Munyaneza, nakusalimu na nakuombea mfupa wako uunge. Mtu wa vitenge hayupo na hakuwahi kuwapo. Nilimtunga mimi, si rafiki yangu mpendwa Habib, ambaye alisema alichotumwa. Nilimtunga kwa sababu nilikuwa na shaka na mwanangu na sikuwa na ujasiri wa kumwuliza. Umesema kweli kwamba katika mchezo mtu hutoa yaliyo moyoni. Yalikuwa moyoni mwangu, hayakuwa katika maisha yake. Dada wa Rwema alipouliza, nilinyamaza, na jirani yangu akajitwika. Karatasi ya Goma sitaitafuta. Ng'ombe wenu wa mahari yuko Nyamyumba kwa binamu yangu na ana afya. Mkimtaka ng'ombe, njooni mumchukue. Mkimtaka binti, yupo."

"Toa 'mpendwa'," Habib alisema, akimrudishia. "Atafikiri unataka nikushonee bure." Kisha akaketi kwenye cherehani, akakanyaga kanyagio bila kitambaa chochote chini ya sindano. "Nadra ataisoma?"

"Aisome. Uisome kwa wateja yako wote, ukitaka."

"Nitaisoma," Habib alisema. "Leo leo."

Iribagiza aliisoma jikoni, mama yake akiwa kando yake anakausha mikono muda mrefu kuliko ilivyolowa. Alipofika mwisho alichukua kalamu, akakata neno la mwisho.

"Mi siko ng'ombe ya pili, Papa. Andika, 'mwulizeni mwenyewe'."

"Na bakikuuliza, utajibu nini?"

"Baulize kwanza."

"Na Rwema?" mama yake aliuliza.

"Rwema iko na namba yangu."

Nzabonimpa aliinakili barua yote upya kwenye karatasi safi, polepole, bila "mpendwa", na mwisho akaandika alivyoambiwa. Aliikunja mara tatu. Iribagiza aliitia katika bahasha, akapaka gundi, akaikandamiza mezani kwa kiganja hadi ikashika, kisha akatoka nayo kwa miguu kwenda kituo cha mabasi.

Karani wa dirisha la vifurushi aliipima kwa mkono. "Namba ya mutu wa kupokea?"

Iribagiza alianza kuitaja namba ya Rwema, ambayo aliijua kwa moyo. Aliikatiza katikati. "Futa," alisema. "Atapokea muzee mwenyewe." Alifungua simu yake, akatafuta namba ya Mzee Munyaneza, akaisoma tarakimu kwa tarakimu. Karani aliandika, akapiga mhuri, akaitupa bahasha katika mfuko wa Kigali, na mtu akaubeba mfuko na kuupandisha katika basi lililokuwa limeshawasha injini.